Bahari ilikimbia Ostia? Hapana, mto ndio uliisukuma

Ostia ilikuwa bandari ya Roma, pale mto Tiber ulipokuwa unaingia baharini, na hata jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kilatini la mdomo. Lakini nenda leo kwenye magofu yake uitafute bahari, iko kama kilomita 3 hivi.

Mimi jibu nilikuwa nalo miaka yote: maji yamepungua, basi. Nimeshabishana na watu mpaka chai ikapoa. Kumbe ni kinyume kabisa, manake wataalamu walipima mabaki ya viumbe wa baharini walioganda kwenye kuta za Portus, bandari ya jirani, wakakadiria kwamba enzi za Warumi bahari ilikuwa chini kuliko leo kwa kama sentimita 80 (ni makadirio, usinishikie rula). Yani maji yamepanda, na bado mji umezidi kuwa mbali nayo!

Kilichohama ni ufukwe. Angalia mvua kubwa ikipita uchochoroni kwenu: maji yanashuka kwa kasi yamebeba mchanga, yakifika pale barabarani kwenye tambarare yanachoka, yanatua mzigo, kesho asubuhi unakuta kichuguu. Mvua ijayo inapita juu ya kile kichuguu inatua mbele kidogo. Tiber imefanya hivyohivyo kwa miaka karibu 2,000, kila mafuriko yanaongeza kipande cha nchi. Kwanini tope lilikuwa jingi hivyo? Wengi wanataja misitu iliyokatwa huko juu, ila vipindi vya mvua nyingi navyo vina kesi, na kugawa lawama hapo si rahisi.

Mnara wa Tor San Michele, hapo karibu na Ostia, ulimalizwa mwaka 1568 ukiwa ufukweni, kulinda pwani. Leo umeachwa bara, unalinda majani. Na mafuriko ya 1557 yalishakata kona ya mto iliyokuwa inapita kando ya Ostia, kwa hiyo mji ukakosa bahari ukakosa na mto.

Portus nayo haikupona. Kaisari Klaudio aliianza mwaka 42 B.K., Kaisari Trajani akaongeza bwawa la pembe sita ambalo bado lipo na lina maji, ila beseni la Klaudio lilifukiwa na tope, na walipokuja kujenga uwanja wa ndege wa Fiumicino kwenye miaka ya 1950 wakakutana na meli za Kirumi chini ya ardhi kavu.