Kilichofungwa kwa Maji Hakifunguki kwa Maji

Kila masika yanapokaribia, sisi mabwana afya wa hapa Tabora tunapelekewa lalamiko lile lile. Chemba imefurika, majitaka yanapita mlangoni kwa jirani, na mwenye nyumba anaapa kwamba shimo lake halijajaa. Mara nyingi anasema kweli. Shimo halijajaa, limezibwa. Gari la majitaka likija na mpira ukashushwa, kinachonasa mdomoni ni bonge la waipsi, vile vitambaa vyenye unyevu vya kumfutia mtoto, ambavyo siku hizi vinauzwa hadi kwenye maduka ya mtaani.

Tukiuliza, tunajibiwa: “Si karatasi tu hiyo, bwana afya? Itayeyuka.” Kwa heshima zote, si karatasi na haitayeyuka. Ili jambo hili lieleweke, twende kiwandani kidogo.

Khanga ina nyuzi zilizopishana, za urefu na za mapana. Waipsi haina uzi hata mmoja uliosokotwa. Malighafi yake ni nyuzinyuzi fupi, za sentimita 4 hivi, ambazo mara nyingi ni mchanganyiko wa viskosi, inayotokana na mbao, na poliesta, ambayo ni plastiki. Pamba nayo hutumika, kwa hiyo wakulima wa Igunga na Nzega watanielewa haraka. Mashine yenye meno huzichambua nyuzinyuzi hizo hadi zikawa utando mwepesi ambao hata ukiupuliza unaachana. Utando hulazwa juu ya mkanda wa wavu unaotembea, huloweshwa, kisha hupita chini ya bamba la chuma lenye safu ya matundu, kila tundu likiwa na upana wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Kila tundu hutoa mchirizi wa maji. Michirizi ya mwanzo huwa na presha ndogo, kama bari 30 (bari ni kipimo cha presha), utando usije ukatawanyika. Inayofuata hupanda hadi bari 100 na zaidi. Tairi la gari dogo lina bari 2 na ushee.

Maji hayo hayakati. Yanazisukuma nyuzinyuzi za juu zizame chini, yanagonga wavu, yanaruka kurudi juu, na katika purukushani hiyo kila unyuzi unajizungushia wenzake. Halafu upande wa pili nao hupigwa vivyo hivyo. Chini ya mkanda maji hufyonzwa, huchujwa na kurudishwa kazini, maana kazi hii inakula maji mengi mno na uchafu kidogo tu unaziba matundu. Mwisho ni hewa ya moto ya kukausha. Gundi haihitajiki. Kampuni ya DuPont ya Marekani ilianza kuuza vitambaa vya namna hii katika miaka ya 1970, na hadi leo vinashonewa hata magauni ya chumba cha upasuaji. Kitambaa cha daktari wa upasuaji, wewe unategemea kiyeyuke chooni kwako!

Kinachokishikilia kitambaa hicho ni msuguano wa nyuzinyuzi zilizonasana. Kama presha ya bari 100 ndiyo iliyozifunga, maji ya tangi la choo yatazifungua vipi? Zikifika kwenye chemba zinakutana na mafuta ya jikoni na nywele, zinazidi kunasana. Viskosi itaoza polepole. Poliesta itakaa pale pale. Asiyeamini atie waipsi moja kwenye chupa ya maji, na karatasi ya chooni kwenye chupa nyingine, azitikise kwa nguvu kisha alinganishe.

Ni kweli zipo waipsi zinazotengenezwa makusudi ziachane ndani ya maji, kwa nyuzinyuzi fupi zaidi za mbao na presha ya chini. Lakini pakiti nyingi za waipsi kama hizi tunazozitoa mashimoni zina alama ya choo iliyopigwa mstari. Alama hiyo haihitaji kujua Kiingereza.

Wengine, wakisikia kuna kitambaa kisichofumwa, huuliza kuhusu mifuko mbadala ya sokoni, ile iliyochukua nafasi ya mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku Juni 1, 2019. Mifuko hiyo haikupita kwenye maji kabisa. Ni plastiki ya polipropilini iliyoyeyushwa, ikavutwa kuwa nyuzi, ikabanwa kwa joto. Vile vidoadoa unavyoviona ni alama za kubanwa. Inatakiwa iwe na uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba, pamoja na alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania.

Turudi kwenye chemba. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa ofisa aliyeidhinishwa mamlaka ya kuingia, kukagua na kutoa notisi ya kuondoa kero. Notisi inaeleza kero yenyewe na muda wa kuiondoa. Isome, itunze, na kazi ikiisha ilete ofisini ili ukaguzi urudiwe. Ukitozwa faini utapewa kontroo namba, yaani namba ya malipo ya serikali, utalipa benki au kwa simu, na utadai risiti. Hakuna ofisa anayepokea fedha mkononi, anayekuomba, mripoti. Na wale wanaosubiri mvua ya usiku ili wafungulie majitaka mtaroni wajue kwamba majirani wanatupigia simu.

Chooni weka ndoo yenye mfuniko, waipsi ziingie humo na zitoke pamoja na taka nyingine za nyumbani. Ikiwa zimeshaziba, ita gari la majitaka. Asishuke mtu shimoni kuzitoa kwa mkono, hata kwa dakika moja, kwa kuwa gesi ya humo inaua kabla hujapata nafasi ya kupiga kelele.