Hoja isiyo na uhakika kamili si lazima iwe dhaifu

Wengi huamini hoja nzuri ni ile tu isiyoacha shaka hata chembe, na nyingine zote ni kubahatisha. Sivyo.

Mtazame mama anayenunua samaki aina ya changu Mji wa Kale, Mombasa. Hufunua mashavu aone kama ni mekundu, huangalia macho kama yang'aa, hubonyeza nyama kama yarudi. Kisha humwambia muuzaji, "Huyu wa leo, mwanangu." Hana uthibitisho wa kihesabu, ila amechagua maelezo yanayoafiki dalili zote. Hoja ya namna hii hupimwa kwa kuuliza: je, kuna maelezo mengine yanayofaa zaidi? Huenda, kwa mfano, samaki ni wa juzi ila barafu imemtunza.

Hoja ya kanuni, ile inayoanza na kanuni ya jumla, hupimwa vingine. "Kila samaki ana mapafu, changu ni samaki, basi changu ana mapafu." Muundo umenyooka kabisa, na bado ni uongo, kwa kuwa msingi wake mbovu. Ndiyo maana huniuma watu wakisifu muundo peke yake.

Hoja inayojengwa juu ya mifano mingi nayo huvunjika. Wazungu waliamini bata-maji, wale ndege wakubwa wa shingo ndefu, wote ni weupe, hadi Mholanzi Willem de Vlamingh alipowakuta weusi Australia mwaka 1697. Walikuwa wameona wengi sana, ila wa upande mmoja tu wa dunia.