Juu ya nini ampule inapasuka palepale umeme unaporudi?

Juzi kwetu Kadutu umeme ulikatika tangu asubuhi, ukarudi kama saa moja jioni, watoto wakapiga kelele ya furaha, na ampule ya koridori ikawaka nyeupe kupita kawaida alafu paa! vioo vikamwagika mbele ya mama akiwa amebeba sufuria ya maharagi. Jirani anasema ni bahati mbaya. Hapana, iko sababu, na tuijue juu Bukavu hapa delestage, ile kukata umeme kwa zamu, ni kila wiki.

Tuanze na ile ampule ya zamani, ya kioo na kauzi kembamba ndani. Kale kauzi ni ka tungsteni, madini inayotoka mu majiwe ya wolframiti, ile ile wanayochimba hata huku Kivu. Ikiwaka inafika karibu digri 2500, na inavumilia juu tungsteni inayeyuka mupaka ku 3422. Lakini kila saa inayowaka uzi unapungua kidogo, na kile kinachotoka kinaenda kushika ndani ya kioo, angalia ampule iliyotumika siku nyingi utaona weusi kama wa moshi. Shida ni kwamba uzi haupungui sawasawa, kuna mahali panakonda, hapo panapata joto kuliko pengine, basi panazidi kukonda.

Sasa juu ya nini inakufa wakati wa kuwasha? Uzi ukiwa baridi unaachia umeme upite kwa wingi sana: ampule ya wati 60 ikisha kupata moto inakula kama ampere 0.27 tu, ila ile nukta ya kwanza inavuta zaidi ya mara kumi. Pale palipokonda njo panakatika. Kule Livermore, California, mu nyumba ya wazima-moto kuna ampule inawaka tangu 1901, na inasaidia sana kwamba inawaka hafifu na karibu haizimwi kamwe. Ya kwetu inazimwa na kuwashwa na delestage, haiwezi kuishi vile.

Kupasuka kwa kioo ni jambo lingine. Mara nyingi ni maji. Mvua ya Bukavu mnaijua, bati likitoboka tone moja likaanguka ku kioo cha moto, pale lilipoanguka kioo kinajikunja ghafla na pembeni bado kimetanuka, basi kinapasuka. Ya inje mlangoni isiyo na kifuniko njo inateseka zaidi.

Na hizi za LED? Hazina uzi, ila joto linaziua vilevile. Ondoa kile kifuniko cheupe cha ampule iliyokufa (kwanza uitoe mu duyi!), utaona vidude vidogo vya njano vimejipanga, na mara nyingi kimoja kiko na nukta nyeusi katikati. Vimefungwa kwa mustari moja, kimoja kikiungua vyote vinazimika. Za bei ya chini zinaungua haraka juu hazina chuma ya kutosha ya kutoa joto.

Lakini ile ya koridori yetu haikuwa uzee, haikuwa mvua. Wakati kwetu inawaka nyeupe vile, kwa jirani taa zilikuwa nyekundu kama makaa yanayozimika. Ile ni alama ya netre, waya ya kurudisha umeme, iliyokatika ku mti ao ku transfo. Kati ya faze (waya inayoleta umeme) na netre kuna volti 220, kati ya faze mbili 380, na netre ikikosekana nyumba zinagawana zile 380 bila usawa: mwenye vyombo vingi vinavyowaka anapata kidogo, mwenye ampule moja tu anapata nyingi. Sisi tulikuwa na moja tu. Ukiona vile usingoje ya pili ipasuke, usiguse hata televizyo, enda moja kwa moja ku kontere ushushe dijonkteri (swichi kubwa ya nyumba), piga yowe jirani nao washushe, alafu mwite fundi wa umeme aanze na ile netre.