Umeizima kompyuta, lakini kadi ya mtandao bado iko macho

Mama mwenye saiba kule Kawangware alinipigia asubuhi na mapema. "Fundi, ile ya nne imekataa mtandao. Nimeizima na kuiwasha mara tatu." Wateja wa iTax, mfumo wa kodi mtandaoni, walikuwa wameshaanza kupanga foleni. Usiku huo stima ilikuwa imepotea na kurudi, ikapotea tena.

Mashine zake ni za mtumba, zote zina Ubuntu (mfumo wa Linux), na kadi ya mtandao ni Realtek iliyo kwenye madabodi. Nilichomoa kebo nikaichomeka kwenye mashine ya tano, ikashika. Basi kebo na swichi hazina kosa.

Nikaandika `ip link`. Ukiona NO-CARRIER hapo, kadi na draiva (programu inayoiendesha) vipo, ila hakuna ishara kutoka upande wa pili wa kebo. Ukiona imezimwa tu, `sudo ip link set enp3s0 up` inatosha (weka jina la kadi yako). Mimi niliona `lo` peke yake, ambayo ni njia ya ndani ya kompyuta kujiongelesha yenyewe. Kadi haikuwepo.

Mafundi wengi wakifika hapa huanza kusakinisha mfumo upya. Mimi huuliza kwanza kama kompyuta yenyewe inaiona kadi: `lspci -nnk`. Kadi ikitajwa bila mstari wa "Kernel driver in use", shida ni draiva. Kama juzi tu ulisasisha keneli (kiini cha mfumo), chagua ile ya zamani kwenye GRUB, menyu ya kuanzisha mfumo, ujaribu. Isipotajwa kabisa, ingia BIOS (mipangilio ya madabodi) uone kama imezimwa huko.

Ya mama ilitajwa, lakini mwishoni iliandikwa `(rev ff)`. Hayo maneno mawili yalinimalizia kazi. Namba ya toleo husomwa kutoka kwenye kadi yenyewe. Kadi isipojibu, njia ya PCI, inayounganisha kadi na kompyuta, hurudisha biti zote zikiwa 1, na biti nane za namna hiyo huandikwa ff. Kwa hiyo ff si toleo. Ni hodi isiyoitikiwa. Draiva utakayoweka hapo itabisha mlango uleule.

Sasa, kwa nini kuzima mara tatu hakukusaidia? Kompyuta ya mezani ikizimwa, pawasaplai huendelea kutoa volti 5 za kusubiri, na kwenye mashine nyingi kadi ya mtandao hunywa hapo ili iweze kuamshwa kupitia mtandao. Ndiyo maana taa zake huweza kumetameta usiku kucha duka likiwa limefungwa. Kadi iliyochanganyikiwa na stima ya kuruka-ruka huamka asubuhi na mkanganyiko wake uleule.

Dawa: zima mashine, zima soketi ukutani au chomoa waya kabisa, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 hivi ili chaji iliyobaki iishe, subiri dakika moja, rudisha. Tulifanya hivyo, `enp3s0` ikarudi.

Siku mbili baadaye ikapotea tena, na stima haikuwa imeguswa. Hapo nikasoma kumbukumbu za keneli kwa `sudo dmesg | grep r8169` (r8169 ni draiva ya Realtek hiyo) nikakuta "NETDEV WATCHDOG", na "transmit queue 0 timed out": kadi ilipewa data ya kutuma ikakwama nayo. Kwa Realtek za aina hii, mshukiwa wangu wa kwanza ni ASPM, ule utaratibu wa kulaza njia ya PCIe ili kuokoa umeme. Kadi nyingine hulala zikashindwa kuamka. Nilifungua `/etc/default/grub`, nikaongeza `pcie_aspm=off` ndani ya nukuu za `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`, nikaandika `sudo update-grub`, nikawasha upya. Kwenye laptopu ningesita, maana betri inaweza kuisha haraka zaidi. Kwenye mashine ya saiba hakuna wa kulalamika.

Kama ingekataa hata hapo, ningemtuma mama kwenye maduka ya barabara ya Luthuli, Nairobi, akanunue adapta ya mtandao ya USB, foleni iendelee.