Pini ya rola haishikwi na moto wa welding

Katika karakana za Industrial Area, Nairobi, fundi akiletewa rola iliyong'oka pini, mkono wake wa kwanza huenda kwenye mashine ya kuchomelea. Nasema rola za shinikizo kubwa, zile za kusaga klinka (mabonge yaliyochomwa ya kutengenezea saruji) na mawe ya madini, si krasha za taya za kokoto. Uso wake umejaa pini fupi za tungsteni kabaidi, yaani kitu kigumu kuliko chuma, kila moja imezama kwenye tundu lake, kichwa tu kimechomoza.

Dhana: Pini ikitoka, ichomelee.

Ukweli: Chuma kikipata moto hutanuka takriban mara mbili ya kabaidi. Vikipoa pamoja, chuma huvuta, nayo kabaidi haipindiki, hupasuka. Ufa huo waweza kujificha mpaka rola irudi kazini. Fundi makini huigeuza tofauti hiyo kuwa faida: hupasha moto tairi la rola, yaani gamba la chuma lenye matundu ya pini, tundu hupanuka, pini hutumbukia, na chuma kikipoa huibana kabisa.

Dhana: Gundi haiwezi kazi ya mashine nzito.

Ukweli: Inaweza. Mzigo huisukuma pini ndani ya tundu. Gundi huizuia isizunguke wala kuchomoka. Ila tundu lisiwe na mafuta hata chembe, na hewa iachiwe njia, la sivyo itainua pini kabla gundi haijakauka. Baadaye pini ikivunjika, gundi hulegea kwa moto, tundu likatumika tena.

Dhana: Vumbi lililoganda kati ya pini ni uchafu.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Nimeona vijana wakilibandua kwa nyundo na tindo asubuhi nzima, wakijitahidi kweli, na hakuna aliyewaambia. Tabaka lile ndilo ngao ya rola: jiwe husagwa na jiwe lenzake, chuma cha chini kikapona. Likiondolewa, chuma huliwa kuzunguka pini, tundu likapungua kina, na pini zikaanza kutoka. Pembeni mwa rola tabaka halishiki vizuri, ndiyo maana pale huwekwa vipande vigumu vya kukinga ukingo.

Dhana: Pini mpya iwe ndefu, idumu.

Ukweli: Ikiwazidi majirani zake waliokwisha kulika, itabeba mzigo wao wote na kukatika. Pima kwanza urefu wa zilizobaki, kisha isage kwa jiwe la almasi mpaka ilingane nazo.