Kufundisha kuogelea Eastleigh na Kibra: kazi inaanzia nje ya maji

Watu wakisikia mimi ni mwalimu wa kuogelea hapa Nairobi wanadhani nashinda kwa hoteli nikipiga firimbi kando ya bwawa. Kusema ukweli sehemu kubwa ya kazi iko kwa sebule za watu, kwa ofisi za madrasa, na kwa meza ya meneja wa bwawa tukibishana juu ya nguo. Kitengo chetu cha usalama wa maji kinashughulika na zile jamii ambazo Katiba ya 2010, kifungu cha 56, inataja kama makundi ya wachache na waliotengwa, na kwa Nairobi hiyo inamaanisha sana sana Wanubi wa Kibra, Wasomali na Waborana wa Eastleigh, pamoja na familia za wakimbizi kutoka Kongo, Burundi, Ethiopia na Sudan Kusini ambao wamepanga vyumba mitaa ya huko Eastlands.

Wacha nianze na ile stori naisikia kila mahali, ati "sisi si watu wa maji". Mzazi anakwambia hivo akiwa serious kabisa, halafu anaongeza ati mifupa yetu ni mizito. Hii ya mifupa hata Marekani iko, Weusi wa huko wamefungiwa nayo miaka mingi, na ukweli ni kwamba mabwawa ya umma yalikuwa ya Wazungu, na ubaguzi ulipoisha kisheria miji mingine iliona afadhali ifunge bwawa kuliko kuogelea pamoja. Utafiti wa wakfu wa USA Swimming wa 2017 ulipata 64% ya watoto Weusi wa Marekani hawajui kuogelea au wanajua kidogo tu, na kwa Wazungu ilikuwa 40%. Lakini Cullen Jones, ambaye alikaribia kufa maji akiwa na miaka 5, si alikuja akashinda dhahabu ya Olimpiki Beijing 2008 kwa relay ya mita 100 mara nne? Mifupa ilikuwa ile ile.

Na hapa kwetu kuwa wachache peke yake hakumfanyi mtu akose kuogelea. Wahindi wa Kenya walitambuliwa rasmi kama kabila la 44 mwaka wa 2017, ni wachache pia, lakini tembea Parklands uone klabu zao, watoto wanaingia majini wakiwa wadogo kabisa. Mwaka huo huo Wanubi walipewa hati ya ardhi ya ekari 288 pale Kibra baada ya kungoja vizazi, na ndani ya hizo ekari zote mimi sijui bwawa moja la watoto. Mabwawa ya Nairobi yako kwa hoteli, kwa estate zenye geti, kwa shule za kulipa pesa ndefu. Mtaala wa umilisi wa shule za Kenya (CBC) uko na kuogelea ndani, lakini shule nyingi za umma hazina bwawa kwa hivo mwalimu anafundisha mikono kwa hewa na somo limeisha.

Sasa mtoto ambaye hajaingia bwawa si ati hakutani na maji. Anakutana nayo vibaya. Kule Njiru, Kayole na Mwiki kuna kware, machimbo ya mawe yaliyoachwa yakajaa maji ya mvua, na likizo ikifika vijana wanaenda huko kuduf, yaani kuogelea, kwa sababu ni bure na hakuna mtu wa kuwafukuza. Shida ya kware ni kwamba haina upande wa kina kifupi. Unapiga hatua moja maji iko kwa goti, ya pili hakuna chini, na ukuta ni jiwe lililokatwa wima lenye utelezi, hata anayejua kuogelea anakosa pa kushika ndio atoke. Nairobi Dam nayo, iliyojengwa 1953 na zamani watu walikuwa wanaendesha mashua za tanga hapo, imefunikwa na gugumaji mpaka inafanana na shamba. Mpira ukiruka huko mtoto anaufuata akidhani anakanyaga nyasi.

Halafu kuna mito. Aprili 2024 mnakumbuka vile Mto Mathare ulivunja kingo usiku na serikali ikaamuru watu watoke ndani ya mita 30 za mto. Familia nyingi za Eastleigh zimetoka kaskazini, ambako kuna laga zinazokaa kavu miezi halafu zinajaa kwa dakika kutokana na mvua iliyonyesha mbali, kwa hivo wazee wanajua hatari vizuri kuliko mimi, ila watoto waliozaliwa First Avenue hawajui. Mwezi huo huo boti ilizama Kona Punda, kati ya Madogo na Garissa, barabara ikiwa imekatwa na mafuriko, na kuna watu walikufa. Huwa nawaambia darasani hivi: maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15, yaani juu ya kifundo cha mguu tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya 30 yanabeba gari dogo. Dereva wa matatu akisema "tutapita tu", shuka.

Lakini pahali mtoto mdogo anakufia maji sana ni nyumbani, na hii ndio watu hawataki kusikia. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti Desemba 2024, watu kama 300,000 walikufa maji duniani mwaka wa 2021, na karibu robo yao walikuwa chini ya miaka 5. Tangu 2000 kiwango cha dunia kimeshuka 38%, Afrika kimeshuka 3% peke yake. Sisi wa Nairobi na huu mgao wa maji kila nyumba iko na madramu, ndoo, karai, zingine bila kifuniko, ziko bafuni au nyuma ya mlango. Mtoto wa mwaka mmoja kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili wake, akiinama kwa ndoo aangalie kivuli chake anaingia kichwa chini na hawezi kujiinua, hata maji yakiwa ya kiasi kidogo tu. Kifuniko chenye kukaza, au ndoo juu ya stuli ambayo hawezi kupanda, au maji ya kufua yamwagwe mara moja ukimaliza. Hakuna kozi inahitajika hapo.

Kitu kingine, mfa maji haachi kutapatapa, sindio? Hiyo methali tumeirithi lakini kwa maji imepoteza watu, manake wazazi wanangoja kuona mtoto akipiga kelele na kurusha mikono. Mtu anayezama kweli huwa kimya. Mdomo unazama na kuibuka, hapati pumzi ya kuita, kichwa kimelala nyuma, mikono inasukuma maji chini kando ya mwili, miguu haipigi. Ukiwa mbali unadhani anacheza. Na hiyo hali inaweza kuisha ndani ya dakika moja, kwa hivo ule mtindo wa kuangalia simu "kidogo tu" haufai ukiwa umeleta watoto.

Methali ya pili ndio ya ukweli, mfa maji hukamata maji, yaani akikufikia atakukamata wewe na mtazama wote. Kwa kware huwa tunapata hivo, mmoja anazama, rafiki anaruka kumsaidia, wanatolewa wawili. Kwa hivo somo la kwanza la uokoaji tunafundishia nje, na vifaa ni vile viko kwa nyumba. Mtungi wa lita 20, ule wa manjano wa mafuta, ukiwa mtupu na kifuniko kimekazwa, unaweza kumshikilia mtu mzima kichwa kikae juu, kwa sababu mwili wa binadamu ndani ya maji hauna uzito mwingi wa kubeba. Funga kamba kwa mpini, rusha mbele yake, usimrushie kichwani, mwambie akumbatie, halafu vuta ukiwa umelala kwa tumbo ndio asikuvute. Hakuna mtungi? Leso mbili zilizofungwa pamoja, fimbo ndefu, mpira. Kuingia wewe ndio ya mwisho kabisa, na kama hujafunzwa usiingie.

Akitolewa na hapumui, piga 999 au 112, au Msalaba Mwekundu 1199, na msiache kufanya kazi mkingoja. Aliyezama amekosa hewa kwa hivo unaanza na pumzi, laza chali, inua kidevu, ziba pua, puliza mbili mpaka uone kifua kimepanda, halafu kandamiza katikati ya kifua mara 30 kwa kasi ya 100 mpaka 120 kwa dakika, rudi kwa pumzi mbili, endelea hivo. Na tafadhali ile ya kumshika mtoto miguu kichwa chini au kumbonyeza tumbo maji yatoke tuiache, inapoteza muda na matapishi yanaingia kwa mapafu.

Turudi kwa hii kazi. Kikwazo cha wasichana wa Kiislamu ni kimoja na kina sura nyingi: nani anaangalia. Mama haogopi maji, anauliza laifugadi ni mwanamume? dirisha la mgahawa linaangalia wapi? kuna mtu atapiga picha? Mashekhe niliokaa nao hawajakataa kuogelea, wengi ndio huwa wa kwanza kutaja ile kauli inayonasibishwa na Khalifa Umar ya kuwafundisha watoto kuogelea, kurusha mishale na kupanda farasi. Wanachotaka ni stara. Kwa hivo tunaomba bwawa asubuhi mapema kabla ya wateja, tunafunga turubai kwa waya za fensi, walinzi wanaume wanakaa getini, simu zote zinaingia kwa kikapu kimoja. Ramadhani tunahamia nchi kavu, mitungi na huduma ya kwanza, manake mwanafunzi wa mwanzo lazima atameza maji na hatutaki afungulie hapo.

Nguo ndio vita na meneja. Yeye anasema hakuna kuingia na nguo za kawaida, na hapo ako na sababu, pamba inatoa nyuzi zinaziba chujio. Jibu ni zile nguo za kuogelea za kufunika mwili wote, za nailoni au polista, fundi wa Eastleigh anashona vizuri ukimwonyesha sampuli. Lakini kipindi kimoja kila muhula naomba ruhusa waingie na dera au buibui safi iliyofuliwa, kwa sababu hakuna mtu anaanguka mtoni akiwa amevaa nguo ya kuogelea. Mama mmoja wa makamo, Mnubi wa Makina huko Kibra, alikuwa ameshika ukuta na vidole vyote kumi, kanzu imefura mgongoni kama puto. Nikamwambia, "Mama, acha hiyo hewa, usiipige, ndio inakubeba." Alikuwa anaigandamiza itoke, vile mtu yeyote angefanya kwa aibu. Alipoilegeza na kulaza kichwa nyuma, masikio ndani ya maji, miguu ikapanda yenyewe. Akaangalia juu akasema, "Mwalimu, kwani iko hivi?" Nguo iliyolowa haikuvuti chini vile watu wanaamini, ukiwa ndani uzito wake hausikiki sana, inachofanya ni kufunga magoti na kukuchosha, na uzito unauhisi wakati wa kutoka. Kwa hivo unapandisha pindo juu ya magoti, unalala chali, unapiga teke ndogo ndogo kuelekea ukingo.

Kina mama tunawafundisha kwa sababu pia. Ule utafiti wa 2017 ulisema mzazi asiyejua kuogelea, uwezekano wa mtoto wake kujua ni 19% tu. Mtoto tunampeleka mpaka aweze hivi: aingie maji yanayompita kimo, aibuke, aelee au akae wima dakika moja, azunguke atafute pa kutokea, aende mita 25 kwa mtindo wowote, atoke bila ngazi. Mtindo wowote, narudia, kuna wazazi wanataka batafly wiki ya pili. Na bwawa la vigae si lazima sana, Bangladesh wamefundisha watoto wengi wa vijijini kwa madimbwi ya kawaida wakiweka jukwaa la mianzi chini ya maji, sema madimbwi yetu ya Nairobi na hii mifereji ya choo sitaki kuyajaribu.

Mahali tunakwama saa hii ni walimu wanawake. Bwawa tunaweza kupata, turubai ipo, mama amekubali, halafu hakuna mwalimu wa kike siku hiyo na darasa linavunjika. Msichana wa Kibra au Eastleigh anayefikiria hii kazi hahitaji kuwa mwanamichezo wa mashindano. Anahitaji kuogelea vizuri bila kuchoka, cheti cha uokoaji na huduma ya kwanza ambacho hakijaisha muda, cheti cha ualimu wa kuogelea (shule za kimataifa hupenda vya mashirika ya Uingereza kama Swim England au STA), na good conduct ya DCI, yaani cheti cha polisi kwamba huna rekodi ya uhalifu, kwa sababu unashika watoto wa watu. Lugha ya nyumbani ni faida kubwa kuliko medali. Malipo huwa kwa kipindi, Agosti na Desemba shule zikifungwa kuna kazi mpaka unakataa, Juni na Julai maji ni baridi, watoto wanatetemeka baada ya nusu saa na wazazi wanaahirisha, kwa hivo panga mapema, wengi wetu hiyo miezi tunafundisha huduma ya kwanza kwa shule na viwanda.