"Asipomaliza hoi, hajafanya mazoezi": dhana zinazoua timu changa za mbio za nyika

Walimu waliokabidhiwa timu mpya ya mbio za nyika huja kwangu na swali lile lile kila msimu unapokaribia: nifanyeje watoto wakomae haraka? Ukiomba kuona ratiba unakuta Jumatatu mbio za kasi, Jumanne mlima, Jumatano kasi tena, Alhamisi jaribio la muda, na Ijumaa mizunguko ya adhabu kwa walioshika mkia Alhamisi. Halafu mwalimu anashangaa kwa nini timu iliyoanza na watoto ishirini sasa ina tisa, na watatu kati yao wanachechemea. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo leo nawajibu wote.

Dhana: Mtoto asipomaliza akiwa hoi, hajafanya mazoezi.

Ukweli: Sehemu kubwa ya mazoezi ya mbio za nyika ni kukimbia taratibu, taratibu kiasi kwamba mtoto anapiga soga na mwenzake bila kukata maneno katikati ili ahemee. Hiyo si kupasha misuli moto kabla ya kazi. Hiyo ndiyo kazi.

Mbio za nyika, hata zile fupi za kilomita 3, zinaendeshwa zaidi na oksijeni. Anayefika mbele ni yule ambaye moyo wake unasukuma damu nyingi kwa kila pigo, misuli yake imetandwa na mishipa midogo midogo ya damu, na ndani ya seli za misuli hiyo mna mitokondria za kutosha, yaani vile viwanda vidogo vinavyotengeneza nishati kwa kutumia oksijeni. Vitu hivi havijengwi kwa jioni moja ya kujiua. Vinajengwa kwa dakika nyingi za kukimbia, wiki baada ya wiki. Mtoto mgeni ukimwambia atoe nguvu zote ataishiwa ndani ya dakika kumi na kesho hataki hata kukuona. Mtoto yule yule ukimzuia asiende mbio, ndani ya wiki chache atakimbia nusu saa na kesho yake atarudi akiwa mzima.

Wanaodhani huu ni uvivu wa kisasa wamtazame kocha Arthur Lydiard wa New Zealand. Wanariadha wake walijenga msingi kwa takriban kilomita 160 kwa wiki, nyingi zikiwa za mwendo wa kudumu na si za kukimbizana. Mwaka 1960 kule Roma, siku moja, wawili kati yao wakatwaa dhahabu: Peter Snell akachukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 800 na Murray Halberg ya mita 5,000. Snell alikuwa mtu wa mita 800, mbio isiyofika dakika mbili, na bado alijengwa hivyo. (Kabla hujaiandika hiyo 160 ubaoni: hao walikuwa watu wazima waliozoea. Cha kuiga ni mpangilio, si kilomita.)

Kuna sababu nyingine ambayo makocha wapya huisahau: mwili haukomai wote kwa pamoja. Moyo na pumzi huitikia ndani ya wiki chache. Mifupa na kano huchukua miezi. Isitoshe, mfupa unapopewa mzigo mpya, kwanza mwili hubomoa sehemu iliyochakaa ndipo ujenge upya, kwa hiyo kuna kipindi mfupa unakuwa dhaifu kuliko ulivyokuwa siku ya kwanza. Hapo ndipo mtego ulipo. Mwezi wa kwanza unakaribia kuisha, mtoto anajisikia ana pumzi tele, kocha anafurahi anaongeza kasi, na ghafla muundi unaanza kuuma.

Ukibonyeza kwa kidole kando ya ukingo wa ndani wa muundi, maumivu yaliyosambaa urefu wa kiganja ni jambo moja: punguza mzigo, mpumzishe, angalia na viatu vyake. Maumivu yaliyokaa mahali pamoja, upana wa ncha ya kidole, ni jambo jingine kabisa. Huenda mfupa umeanza kupata ufa. Huyo hakimbii tena mpaka aonwe na daktari, hata kama mashindano ni keshokutwa na hata kama ndiye tegemeo lenu.

Wengine hunijibu kwamba miguu ya watoto inauma kwa sababu ya asidi ya laktiki, na dawa yake ni kukimbia zaidi ili itoke. Laktiki inayozalishwa kwenye mbio kali huondoka mwilini kwa takriban saa moja. Maumivu ya kesho yake na keshokutwa ni ya misuli iliyochubuka ndani, na misuli hiyo hairekebishwi kwa kuchubuliwa tena.

Basi tufanyeje? Siku mbili ngumu kwa wiki zinatosha, zisifuatane, na kwa watoto ambao hawajawahi kukimbia anza na moja tu kwa mwezi mzima wa kwanza. Siku nyingine zote ni taratibu au mapumziko. Kupima kama kweli ni taratibu, kimbia kando yake umuulize swali linalohitaji jibu refu. Akikujibu kwa neno moja moja, mpunguze. Na siku za taratibu saa ya kupimia muda ibaki ofisini. Nalisema hili kila mahali na kila mahali napingwa, lakini nimeona mara nyingi mno: saa ikitoka mfukoni mwa kocha, watoto wanaanza kushindana, na mbio za taratibu zimekufa hapo hapo. Wale wenye kasi wapange nyuma ya kundi, wawe wachungaji wa wanaochoka. Watanung'unika. Waache wanung'unike.

Mbio za adhabu nazo zife. Huwezi kutumia kukimbia kama fimbo leo, kisha kesho umtake mtoto aupende mchezo.

Dhana: Ukiwa na nyota mmoja au wawili, una timu.

Ukweli: Hesabu ya timu katika mbio za nyika ni ya nafasi, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Tuseme wanahesabiwa watano. Timu yako ina nyota wawili walioshika nafasi ya 1 na ya 2, wengine wakaja wa 40, 45 na 50. Jumla ni 138. Wapinzani hawana hata mtu mmoja katika kumi bora: 14, 16, 19, 21 na 25. Jumla ni 95, na kombe wanabeba wao. Kenya ilitwaa ubingwa wa dunia wa timu za wanaume mfululizo tangu 1986 hadi 2003, ikiwamo 1990 na 1991, miaka ambayo bingwa binafsi alikuwa Khalid Skah wa Moroko.

Kwa hiyo mtu wako muhimu zaidi ni yule wa mwisho kati ya wanaohesabiwa. Mtoto wa kwanza akijiua kwa miezi mitatu huenda akapanda kutoka nafasi ya 3 hadi ya 2. Yule wa tano, ukimpa uangalizi ule ule, anaweza kupita watu ishirini, kwa sababu katikati ya kundi wakimbiaji wamebanana na sekunde chache zinameza nafasi nyingi. Idadi ya wanaohesabiwa hutofautiana kati ya shindano na shindano, mahali pengine wanne, pengine watano au sita, kwa hiyo waulize waandaaji mapema. Utashangaa wangapi hujua baada ya matokeo kusomwa.

Dhana: Muda wake umeongezeka, kwa hiyo ameshuka kiwango.

Ukweli: Wapi? Kwenye nyasi ndefu, tope na vilima viwili, au kwenye uwanja tambarare na mkavu? Muda wa mbio za nyika haulinganishwi kati ya njia moja na nyingine. Tazama alimaliza nyuma ya nani na mbele ya nani.

Dhana: Lazima wanyooshe misuli kwa kusimama kabla ya mbio, la sivyo wataumia.

Ukweli: Kushika mguu na kuhesabu hadi thelathini hakujaonyesha kuzuia majeraha ya ukimbiaji. Dakika kumi za kukimbia pole, kurusha miguu, kuinua magoti na mbio fupi chache za kuongeza kasi zinatosha.

Dhana: Toka kama risasi mwanzoni, ushike nafasi.

Ukweli: Nusu kweli, ndiyo maana inasumbua. Njia ikibana mita mia mbili baada ya kuanza, ni kweli unahitaji kutoka haraka. Lakini mtoto akiendelea na kasi hiyo kwa kilomita nzima, anazibeba gharama zake hadi mwisho. Tembeeni njia yote kabla ya mbio mjue inabana wapi.

Dhana: Mkimbiaji mwembamba zaidi ndiye mwepesi zaidi, na msichana anayekimbia sana hedhi yake kukatika ni kawaida.

Ukweli: Hii nikiisikia kwa kocha nasimamisha mazungumzo mengine yote. Hedhi inayokatika kwa mkimbiaji mara nyingi ni dalili kwamba chakula anachokula hakitoshi kazi anayoifanya. Mwili umeanza kufunga shughuli moja baada ya nyingine, na mifupa inadhoofika katika umri ule ule ambao ingepaswa kujijenga. Wavulana nao wanapatwa na upungufu huo, ila kwao hakuna dalili ya wazi kama hiyo. Usiwapime uzito, usitoe maoni juu ya maumbo yao, na usimsifu aliyekonda. Miezi mitatu ikipita bila hedhi kwa msichana aliyekwisha kuanza kuipata, mzazi ajulishwe, mtoto aende kwa daktari, na mazoezi yake yapunguzwe siku hiyo hiyo, kabla ya majibu yoyote kurudi.